Rai za Wachezaji wa Michezo ya Kompyuta na Ufundishaji wa Hoja

Katika vyuo vya ualimu tumezoea kuwahimiza wanachuo waanzie somo kwenye jambo ambalo mwanafunzi analijua. Shauri hili ni jema, lakini aghalabu hutekelezwa kwa mifano ya shamba na soko, hata pale ambapo wanafunzi wenyewe wanazungumza mambo mengine kabisa. Mwalimu akisimama karibu na kundi la wanafunzi wa kidato cha pili wakati wa mapumziko, hatakawia kusikia mabishano juu ya michezo ya kompyuta na ya simu: upi ni bora, mbinu ipi haishindiki, na ni lini mashine ilimwibia mtu ushindi wake. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi rai hizo, zinazotolewa ovyo ovyo bila kufikiriwa sana, zinavyoweza kutumika kufundishia utoaji wa hoja katika Kiswahili, Hisabati na Historia. Kompyuta haihitajiki darasani. Vinywa vya wanafunzi na madaftari yao vinatosha.

Michezo tunayoizungumzia ni ya aina mbili. Ipo michezo ya mikakati, mathalan Civilization iliyotungwa na Sid Meier na Bruce Shelley mwaka 1991, ambamo mchezaji huanza na mji mdogo akaukuza kuwa dola kwa muda wa miaka elfu kadhaa. Ipo pia michezo ya uhusika, ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa hadithi na kusafiri naye hadi mwisho wa kisa, kama vile Final Fantasy VII iliyotolewa nchini Japani mwaka 1997.

Yafaa kwanza tujiulize kwa nini michezo hii huzaa rai nyingi kiasi hicho. Tuilinganishe na bao la Kiswahili. Bao lina mashimo 32 na kete 64, halina dadu, na kila kinachotendeka hutendeka mbele ya macho ya watazamaji. Mtu akisema barazani kwamba ameshindwa kwa bahati mbaya, atachekwa, kwani kete zi palepale na mwenye kujua kuhesabu ataonyesha kosa lilipotokea. Katika mchezo wa kompyuta hesabu hufanyika ndani, na mchezaji huletewa matokeo tu. Kwa hiyo hana budi kukisia kanuni kutokana na yale anayoyaona. Anayefanya hivyo anafanya kazi ileile ya mtu anayechunguza mvua au magonjwa ya mimea. Tofauti ni kwamba hajafundishwa namna ya kuupima ukisiaji wake, na hapo ndipo mwalimu anapohitajika.

Chukua lalamiko linalosikika kuliko yote: kompyuta inadanganya. Katika mchezo wa XCOM: Enemy Unknown wa mwaka 2012, kabla askari hajafyatua risasi mchezaji huonyeshwa uwezekano wa kulenga shabaha, tuseme asilimia 95. Risasi ikikosa, mchezaji hukasirika na kusema ameonewa. Mwalimu wa Hisabati asimkatalie wala asimkubalie. Na aweke vipande 20 vya karatasi katika mfuko, kimoja kikiwa na alama, kisha kila mwanafunzi achukue kipande mara 20, akikirudisha na kuchanganya kila mara. Kabla ya kuanza, waandike wanatarajia nini. Wengi wataandika kwamba kipande chenye alama hakitatokea. Hesabu yasema vingine: uwezekano wa kukitoa walau mara moja katika mara 20 ni takriban asilimia 64. Katika darasa la wanafunzi 45, wengi wao watakiona kipande hicho, na baadhi watakiona mara mbili au tatu. Baada ya hapo lile neno ‘inadanganya’ laweza kujadiliwa kwa haki, maana sasa darasa linajua mchezo usiodanganya hufananaje.

Jambo hili halikuwapita watungaji wenyewe. Sid Meier alieleza katika mkutano wa watunga michezo huko San Francisco, mwaka 2010, kwamba wachezaji walipokuwa na nguvu tatu kwa moja wakashindwa, walilalamika. Lakini walipokuwa wao ndio wanyonge, moja kwa tatu, wakashinda, hawakuona kasoro yoyote. Watungaji wakazirekebisha hesabu ili zielekee jinsi wachezaji wanavyohisi. Tunapendekeza kisa hiki kisomwe darasani baada ya zoezi la mfuko, wala si kabla yake, kwani kikisomwa mapema kitawanyima wanafunzi nafasi ya kugundua wenyewe.

Rai ya aina nyingine ni ngumu zaidi, kwa sababu huja imevaa nguo za elimu. Wachezaji wengi husimulia kwamba katika mchezo wa kwanza wa Civilization, Mahatma Gandhi alipewa namba 1 kuwa kipimo cha ukali wake. Alipochagua utawala wa demokrasia zikapunguzwa namba 2. Na kwa kuwa mashine haikuweza kuandika namba iliyo chini ya sifuri, hesabu ikaruka hadi 255, na mtu yule wa amani akaanza kurusha mabomu ya nyuklia. Maelezo haya yana kila kitu: yana namba, yana sababu, yana kichekesho. Yalienea katika miaka ya 2010 na kurudiwa katika maandishi mengi kama ukweli uliothibitishwa. Hata hivyo Sid Meier aliyakanusha katika kitabu cha kumbukumbu zake cha mwaka 2020, na Brian Reynolds, aliyeongoza utungaji wa mchezo wa pili, alieleza kwamba ukali ulikuwa na ngazi tatu tu, na kwamba Gandhi alikuwa katika ngazi ya chini pamoja na viongozi wengine. Ni katika Civilization V, mwaka 2010, watungaji walipomfanya Gandhi apende mabomu kwa makusudi, kwa mzaha.

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha insha ya hoja hatapata mfano bora kuliko huu. Na awasomee wanafunzi masimulizi ya kwanza tu, awaulize ni nani kati yao anayaamini na kwa nini. Kisha aandike ubaoni maswali haya: Ni nani aliyeona? Aliangalia wapi? Kama jambo hili si kweli, tungetarajia kuona nini? Swali la tatu ndilo linalowashinda wanachuo wetu pia, na twashauri lipewe muda mrefu. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza ‘sababu ni ipi’ atatosheka na masimulizi ya Gandhi, kwa kuwa sababu imo. Aliyezoea kuuliza tungejuaje kama si kweli hatatosheka upesi.

Rai za michezo ya uhusika hupimwa kwa namna nyingine. Katika Final Fantasy VII msichana aitwaye Aerith huuawa kisa kikiwa bado kinaendelea. Kwa miaka mingi wachezaji walipokezana habari kwamba iko njia ya siri ya kumfufua. Haikuwapo. Mwalimu wa fasihi asiishie kusema kwamba habari hiyo ni ya uongo. Aulize ni nini katika utunzi kilichowafanya watu wakatae kifo cha mhusika, ilhali vifo vingine vilivyomo havikuwaudhi.

Kwa somo la Historia tunao mfano wa karibu. Katika Civilization VI ya mwaka 2016 Zanzibar imo kama mji-dola, na dola inayopata usuhuba wake mkuu huletewa karafuu na mdalasini, vitu vinavyowaridhisha wakazi wa miji yake. Mchezaji husema: Zanzibar ni ya kuwahiwa mapema. Ndani ya mchezo rai hiyo ina mantiki yake, na mwalimu asiidharau. Lakini mwanafunzi na aambiwe aandike safu mbili, moja ya yale ambayo mchezo unasema juu ya karafuu, nyingine ya yale ambayo historia inasema. Katika safu ya pili itaingia asili ya mkarafuu katika visiwa vya Maluku, kufika kwake Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, mashamba yaliyopanuliwa wakati wa Seyyid Said, watumwa waliochuma, na kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuipa Pemba nafasi ya kwanza. Safu ya kwanza itakuwa na mistari miwili au mitatu. Katika mchezo karafuu huja bila mchumaji.

Kuhusu rai za ladha tupu, kama ‘mchezo huu unachosha’, hatuoni haja ya kuzibishania. Mwanafunzi aulizwe tu ni sehemu gani iliyomchosha na baada ya muda gani, aiandike katika aya moja, na mwenzake ambaye hajapata kuucheza mchezo huo aisome na kusema ameelewa nini.