Faili ya kwetu isiingie mu depo ya watu wote

Mwezi wa 11 mwaka 2008, vita ilipokuwa imekaribia Goma, ramani moja ilifunguliwa ku intaneti kwa ajili ya mashariki ya Kongo. Mtu aliyeona watu wanakimbia, ao duka linaporwa, aliweza kutuma habari, nayo ikawekwa ku ramani. Programu yenyewe inaitwa Ushahidi. Ilizaliwa Kenya mwezi wa kwanza wa mwaka uleule, juu ya fujo iliyofuata uchaguzi wa mwisho wa 2007. Ory Okolloh alitoa wazo. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa pamoja naye. Maandishi ya programu yako wazi: yeyote anayachukua bure, anayapanga kwake.

Ndugu wachimbaji wa Kingi na kandokando, hii inatuhusu. Sisi wa sendika tunatamani ramani ya namna hiyo: shimo gani limebomoka, ni barieri gani inayokula faranga ya wabebaji. Lakini anayetuma habari ya barieri ameacha namba yake ya simu ndani ya mashini. Namba hiyo ikijulikana, huyo ndugu halali tena kwake. Kwa hiyo mbele ya kuuliza ramani itapendeza namna gani, tuulize funguo zinawekwa wapi.

Programu za namna hii zinakaa mu depo. Si depo ya kolta. Ni mahali ku intaneti ambapo watengenezaji wanaweka kazi yao. Unachukua nakala kwa chombo kinachoitwa git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Wakirekebisha kitu kule, unavuta mapya tu, bila kuanza upya na kumaliza mega.

Sasa, mu nakala ile kuna vitu vya wote na kuna vitu vya kwetu tu: jina la hifadhi ya habari, neno la siri, ufunguo wa kupokea mesaji za simu. Watengenezaji wanatoa faili ya mfano, .env.example. Unainakili, nakala unaiita .env, unajaza ya kwako. Faili nyingine, .gitignore, inaambia git: hii .env usiibebe.

Shida inakuja kijana akiwa na haraka, akaandika neno la siri moja kwa moja ndani ya faili iliyotoka mu depo. Siku watengenezaji wakiigusa faili ileile, git inakataa kuvuta mapya, maana ingefuta maneno yake. Wengine hapo wanaacha kabisa kuvuta. Programu inazeeka na matundu yake, sawa na shimo ambalo miti yake haibadilishwi. Wengine, vibaya zaidi, wanatuma vyote ku nakala yao ya wazi, na neno la siri liko inje. Kulifuta kesho yake hakusaidii, kwani git inachunga kila hali ya zamani. Dawa ni moja: kubadilisha neno la siri siku ileile.

Tena, kuandika .env mu .gitignore hakutoshi kama git ilikwisha kuishika. Lazima kwanza itolewe ku orodha kwa amri git rm --cached .env. Faili inabaki ku mashini, ila git inaiacha.

Kila mara mkivuta mapya, mlinganishe .env.example mpya na .env yenu. Kama wameongeza mstari na nyinyi hamuna, programu inaweza kukataa kuwaka, nanyi mtalaumu rezo bure.

Na kwa kuwa .env haiko mu depo, mashini ikiibiwa, inaenda nayo. Tunataka iandikwe ku karatasi, watu wawili wa komite waichunge. Ku shimo PDG anajua mambo yote peke yake; mu hii kazi hatutaki PDG.

Kijana akisema yote iko tayari, mumwombe aandike mbele ya komite: git ls-files .env. Mashini ikijibu kwa jina la faili, basi git bado inaibeba, na asipewe namba ya mtu hata moja. Ikinyamaza, muendelee.