Simu ya biro iko okipe kila asubui: laini ngapi zinatosha?

Muuguzi wa kituo cha afya anapanda kilima kutafuta rezo, anaweka unite, anapigia depo ya dawa kule mjini. Okipe. Anapiga tena, okipe. Na dawa ya malaria iliyobaki ni ya siku mbili tu.

Kule depo wanashangaa. Wako na laini mbili, na kwa hesabu yao zinatosha: mu saa yenye kujaa zaidi, watu 40 wanapiga, kila mumoja anasema dakika 3. Hizo ni dakika 120. Laini moja inabeba dakika 60 kwa saa. Basi laini 2.

Shida ni kwamba watu hawapigi kwa foleni. Watano wanapiga pamoja saa tatu na dakika kumi, kisha laini zote zinalala dakika sita, na ule muda haurudi tena.

Agner Krarup Erlang, Mudanemarki aliyefanya kazi kwa kampuni ya simu ya Copenhagen, njo alitoa formula ya jambo hilo mwaka 1917. Mafundi wa simu wanaitumia mpaka leo. Laini moja yenye kujaa saa nzima wanaiita erlang 1. Depo hii iko na mzigo wa erlang 2. Kwa formula, ukiwa na laini 2, watu 40 kati ya 100 wanakuta okipe. Laini 4, karibu 10. Laini 5, karibu 4. Ni kwenye laini 6 tu ndipo anabaki karibu mutu 1.

Biro kubwa iko na bahati kuliko ndogo: mzigo wa erlang 20 unaomba laini 30, hapana 60. Ndiyo maana kugawa laini, mbili za mauzo, mbili za feza, mbili za direkta, ni kupoteza. Afazali zote ziingie kwa namba moja.

Na kwetu hali iko mubaya zaidi kuliko kwenye karatasi. Mwenye kukuta okipe anarudilia mara tano. Bip nayo inashika laini sekunde kazaa. Simu za kutoka zinapita palepale. Tena kaye la sekretere linaandika tu wale waliopita. Wale 16 waliokosa hawaonekane popote.

Kuongeza laini bila mutu wa kujibu, simu italia bure. Kuna njia ya bei ndogo: vituo vitume lisiti ya dawa kwa SMS mbele ya kupiga. Maneno yakishuka kutoka dakika 3 mpaka moja na nusu, mzigo unakuwa erlang 1, na laini 4 zinafanya kazi iliyoomba 6.