Je, kufunga inteki ya kisasa kunaongeza nguvu kwenye pikapu ya dizeli?

Ukipita kwenye maduka ya spea na mapambo ya magari utaiona: filta yenye umbo la pia, rangi nyekundu au bluu, imeungwa kwenye bomba linalong'aa. Muuzaji atakuambia gari litavuta zaidi, litakula mafuta kidogo na injini "itapumua". Kwa mwenye Hilux, Ranger au D-Max inayobeba mzigo kila siku, maneno hayo yanavutia.

Je, ni kweli? Jibu fupi: kwa pikapu ya dizeli ambayo injini yake haijabadilishwa chochote, faida ni ndogo sana au haipo kabisa. Hasara inaweza kuwa kubwa.

Dizeli haina njaa ya hewa

Injini ya petroli inatakiwa ichanganye hewa na mafuta kwa kipimo maalumu. Ukikanyaga mafuta, kwanza unafungua mlango wa hewa.

Dizeli ni tofauti. Nguvu yake inaamuliwa na kiasi cha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Ili kilo 1 ya dizeli iungue yote, zinahitajika takriban kilo 14.5 za hewa, lakini kwa kawaida injini huvuta zaidi ya hapo. Maana yake hewa ya ziada tayari ipo ndani. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, hakuna kipya cha kuchoma.

Halafu kuna turbo. Pikapu za dizeli za siku hizi karibu zote zinayo. Kompyuta ya gari inajua presha inayotakiwa na inaiongoza turbo hadi ifikie hapo. Filta ikipitisha hewa kwa urahisi zaidi kidogo, turbo inapunguziwa kazi kidogo, lakini presha inabaki ileile.

Mfano mzuri ni Hilux yenyewe. Mwaka 2020 Toyota ilipandisha injini ya lita 2.8 kutoka kilowati 130 hadi 150. Haikufanya hivyo kwa kubadilisha filta tu. Ilirekebisha turbo, mfumo wa mafuta na sehemu za ndani ya injini.

Vipi kuhusu "hewa baridi"?

Hapa kuna ukweli kidogo. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto: joto likishuka kwa nyuzi 3, uzito wa hewa unapanda kwa karibu asilimia 1.

Lakini angalia bomba la kiwandani linapoanzia. Mara nyingi linavuta hewa kutoka pembeni ya fenda au mbele, nje ya joto la injini. Filta nyingi za pia hukaa wazi chini ya boneti, karibu na injini inayochemka. Yaani umelipia "hewa baridi" ukapewa ya moto.

Isitoshe, hewa ikishabanwa na turbo inapata joto jingi, kisha inapozwa na intakula. Kazi kubwa ya kupoza inafanyika huko, si kwenye filta.

Mbona gari linahisi jepesi?

Ni sauti. Ukiondoa boksi la filta unaondoa pia kinachozuia kelele. Mluzi wa turbo unasikika hadi ndani, na dereva anahisi gari limeamka. Ukitaka kujua ukweli, pima: panda kilima kilekile na mzigo uleule, saa mkononi, kabla na baada ya kufunga.

Vumbi ndilo adui

Injini ya lita 2.4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta lita 3,600 za hewa kila dakika, hapo bado hujahesabu presha ya turbo. Kwenye barabara ya vumbi nyuma ya lori, hebu fikiria kinachoingia.

Vumbi lina chembe ngumu za mchanga. Zikipita filta zinasaga ringi na kuta za silinda, na zinakula mapanga ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Dalili huja taratibu: gari linaanza kula oili, moshi wa bluu unatokea, nguvu inashuka. Mwisho wake ni kufungua injini, na pikapu iliyolala gereji haiingizi hela.

Filta inayopitisha hewa kirahisi sana mara nyingi inapitisha na vumbi. Zile za kitambaa chenye oili zina tatizo jingine: ukizidisha oili wakati wa kuziosha, inaweza kushika kwenye sensa ya kupima hewa. Sensa ikichafuka, kompyuta inadanganyika na taa ya injini inawaka.

Lini inafaa?

- Gari limeprogramiwa upya ili lipokee mafuta mengi, au limefungwa turbo kubwa. Hapo hewa zaidi inahitajika kweli.
- Gari linatoa moshi mweusi. Hiyo ni dalili kwamba mafuta yamezidi hewa. Lakini kabla ya kununua inteki, angalia kama filta imeziba, bomba la turbo limepasuka au nozeli zimechoka.
- Snokeli, kwa wanaovuka mito au kusafiri kwa msafara kwenye vumbi. Inachukua hewa juu, usawa wa paa, ambako maji hayafiki haraka na vumbi ni pungufu. Inunue kwa ajili ya ulinzi, usitegemee nguvu. Viungo vyake vikivuja, haina maana.

Hela yako iende wapi?

- Nunua filta ya karatasi iliyo bora na ibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema kama njia zako ni za vumbi.
- Usipulize filta kwa upepo mkali wa kompresa. Karatasi inaweza kutoboka matundu usiyoyaona.
- Pangusa kwa kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya filta. Ukikuta vumbi, kuna mahali panavuja.
- Kagua klipu za boksi na mpira wa filta kila unapofungua.
- Kama gari lina waranti, muulize aliyekuuzia kabla ya kubadilisha chochote.

Ukishafanya hayo na gari bado ni zito, tafuta tatizo kwenye turbo, mabomba ya intakula na mfumo wa mafuta. Filta ya kung'aa haitalitibu.