Kilwa Kisiwani haikujengwa kwa mawe peke yake

Mashua ikitoka Kilwa Masoko, mji ulio bara, haichukui muda kuvuka mlango wa bahari, na jengo la kwanza kumlaki mgeni kisiwani ni Gereza. Ngome hii ya ufukweni ilijengwa na Waomani karibu mwaka 1800, palipokuwa na mabaki ya ngome ya Wareno walioteka mji mwaka 1505.

Nyuma yake uko Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11; ile ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndiye pia aliyejenga Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Utajiri huo ulitokana na dhahabu iliyoletwa kutoka bandari ya Sofala.

Mafundi wa zamani hawakwenda mbali kutafuta vifaa. Matumbawe laini yalichongwa yangali mabichi kutoka baharini, yakawa magumu yalipokauka. Matumbawe mengine yalichomwa juu ya rundo la magogo kupata chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni vyembamba.

Hata hivyo, msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huu kwa uzuri wake, kisha akaandika kwamba majengo yake ni ya mbao. Kwa hiyo wakati sultani alipokuwa akijenga kwa mawe, raia wengi waliishi katika nyumba za miti. Nyumba za fito, udongo na makuti zilizotapakaa leo kati ya magofu ni urithi wa ujenzi huohuo, lakini wageni huzipita wakikimbilia kupiga picha kuta za sultani.

UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 magofu yaliingizwa katika orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Bahari bado inakula ufukwe, na mikoko ndiyo kinga yake. Kuta nazo zinahitaji chokaa: saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likameguka.

Ujuzi wa chokaa, boriti na makuti haupatikani dukani. Uko mikononi mwa watu wa pwani. Anayetaka kuhifadhi Kilwa aanze kwa kuwaajiri mafundi wa kijiji na kuwafundisha vijana wao. Nawe ukienda, mchukue mwenyeji akuongoze, umuulize pia habari za nyumba yake.