Kufundisha Utafutaji wa Kosa Katika Uhamishaji wa Mabadiliko ya Programu

Mwanafunzi akikosea hesabu, mwalimu hodari hafuti jibu na kuandika jingine. Hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi apate mahali kosa lilipoanzia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo ndiyo inayowaongoza mafundi wa programu za biashara, na kwamba yaweza kufundishwa hata pasipo kompyuta.

Tuchukue mfano wa shule za Nyakunguru, wilayani Tarime, eneo lenye mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Shirika lenye ukubwa wa mgodi huhitaji hesabu za ghala, manunuzi na mishahara zilizounganishwa pamoja. Programu za namna hiyo hutengenezwa na makampuni kama SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972.

Katika SAP, badiliko halifanywi moja kwa moja mahali pa kazi. Kwa kawaida hupitia mitambo mitatu: wa utengenezaji, wa majaribio, na wa kazi yenyewe. Badiliko hufungwa katika kifurushi, likahamishwa, kisha mtambo unaolipokea hutoa namba. Sifuri ni salama; 4 ni onyo; 8 ni kosa, yaani baadhi ya vitu havikupokelewa sawasawa; 12 ni kosa kubwa zaidi. Fundi husoma kumbukumbu ya safari na kutafuta kosa la kwanza, kwani yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Chanzo kimojawapo cha namba 8 ni mpangilio: kifurushi kimetaja kitu ambacho hakijafika, kwa kuwa kimo katika kifurushi kingine kilichoachwa nyuma.

Wanafunzi ambao nyumbani kwao kuna mita za LUKU wanalijua jambo la jamii hii. Kila tokeni hubeba hesabu ya dakika, na hesabu iliyoanzia mwaka 1993 ilikuwa ifikie ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo mwaka huo wateja walipewa tarakimu 60 katika mafungu matatu ya tarakimu 20. Mafungu mawili ya kwanza yalibadili ufunguo wa mita. La tatu lilileta umeme. Aliyeanza na la tatu alikataliwa na mita, ingawa mita ilikuwa nzima na tarakimu zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni utaratibu.

Kwa somo hili zana ni madawati matatu, bahasha mbili na daftari. Bahasha ya kwanza iwe na jedwali la viwango vya malipo ya saa za ziada. Ya pili iwe na agizo la kukokotoa malipo kwa jedwali hilo. Mwalimu atangulize ya pili makusudi. Kundi la dawati la majaribio litakwama. Liandike katika daftari ni nini kilichopokelewa, lini, na ni kipi kilichokosekana, kisha liombe bahasha ya kwanza na kurudia kazi.

Huenda mwanafunzi mmoja akapendekeza kubuni viwango vyake ili kazi iendelee. Mwalimu asimkemee, bali aliulize darasa: dawati la kazi likipokea jedwali tofauti, mfanyakazi atalipwa kwa viwango vya nani? Hapo ndipo kiini cha somo. Marekebisho yanayofanywa mwishoni mwa safari huficha kosa, nalo hurudi katika uhamishaji unaofuata, pengine likiwa limekwisha kumpunja mtu ujira wake. Kosa lisahihishwe lilikozaliwa, kisha lisafirishwe upya kwa njia ile ile.

Tathmini isipime kasi ya kupata jibu, bali uaminifu wa kumbukumbu katika daftari. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "kosa limeanzia wapi?" badala ya "nani amekosea?" amepata msingi utakaomfaa mgodini, ofisini na shambani.