Meno ya bandia kulegea si kosa la fundi peke yake

Katika masoko ya mpakani, kuanzia Kobero hadi Manyovu, si ajabu kumwona mfanyabiashara wa makamo akiziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka au kubishana bei. Anachelea meno yake ya bandia yasichomoke mbele ya wateja. Ukimuuliza, atamlaumu fundi aliyemtengenezea.

Fundi anaweza kukosea, lakini sababu kubwa ni mfupa. Mzizi wa jino ndio unaoupa mfupa wa taya kazi. Jino likishang'olewa, mfupa huanza kusinyaa, hasa mwaka wa kwanza. Seti iliyokaa vizuri leo, baada ya miaka michache itakuwa inaelea kama kiatu cha kaka mguuni mwa mdogo wake.

Mtafiti Antje Tallgren aliwafuatilia wenye meno ya bandia kwa miaka 25. Matokeo yake aliyachapisha 1972, mwaka uleule wazee wetu walipokimbilia Tanzania. Aliona kuwa taya la chini hupungua takriban mara nne kuliko la juu. Ndiyo maana seti ya chini ndiyo inayosumbua zaidi. Ya juu angalau hunata kwenye paa la kinywa, ingawa kulifunika huko hupunguza ladha ya chakula.

Nguvu ya kutafuna nayo hushuka sana. Mhindi wa kuchoma, nyama ya mbuzi na mgebuka mkavu (upande wetu tunamwita mukeke) huachwa, mtu akabaki na uji na ndizi za kupondwa. Ufizi huchubuka, na asiyeyavua usiku akayasafisha hupata ukungu wa kinywani.

Njia nyingine ni vipandikizi: skrubu ndogo za madini ya titani zinazopachikwa ndani ya taya. Daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ndiye aliyegundua kuwa mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza. Mfupa huhitaji miezi kadhaa kushikamana. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako katika hatari zaidi ya kushindwa.

Gharama ndiyo kikwazo. Kujaza taya zima vipandikizi ni mzigo ambao wengi wetu tuliorejea hatuuwezi. Hata hivyo, mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza vipandikizi viwili tu katika taya la chini, seti ikabanwa juu yake kama kifungo cha shati. Bado ni fedha nyingi, lakini kwa maoni yangu hiyo ndiyo hesabu ya kumuuliza daktari.

Na muulize kabla hajang'oa yote. Meno mawili au matatu yenye mizizi imara yanaweza kubakizwa yashikilie seti na kuuhifadhi mfupa, bila skrubu hata moja.