Hsinchu: Mji Uliokua kwa Chipu

Mji wa Hsinchu, ulioko pwani ya kaskazini-magharibi ya Taiwan, ulijulikana kwa miaka mingi kwa viwanda vya vioo na kwa tambi nyembamba za mchele zinazokaushwa kwa upepo mkali wa eneo hilo. Leo mji huohuo ni miongoni mwa vituo vikuu duniani vya kutengeneza chipu, yaani vipande vidogo vya silikoni vyenye saketi za umeme, ambavyo huendesha simu, kompyuta, magari na mitambo ya hospitali. Silikoni huitwa nusu-kipitishi kwa sababu upitishaji wake wa umeme unaweza kudhibitiwa, tofauti na shaba, ambayo huupitisha kwa urahisi, na kioo, ambacho huuzuia.

Maendeleo hayo hayakutokana na utajiri wa madini, bali yalianzia katika elimu. Vyuo vikuu vya Tsing Hua na Chiao Tung, vyenye asili yake China bara, vilianzishwa upya Hsinchu katika miaka ya 1950, na mwaka 1973 serikali ikaunda taasisi ya utafiti wa teknolojia ya viwanda, ITRI. Mwaka 1976 taasisi hiyo ilitia saini mkataba na kampuni ya Marekani ya RCA, na wahandisi vijana wakapelekwa huko kujifunza kutengeneza chipu. Waliporejea, waliendesha kiwanda cha majaribio kilichotoa chipu za saa za mkononi. Mwaka 1980 ilizaliwa kampuni ya UMC kutokana na kazi ya ITRI, na Desemba mwaka huo ikazinduliwa Bustani ya Sayansi ya Hsinchu, eneo la viwanda lililotoa nafuu ya kodi, na baadaye hata shule kwa watoto wa wataalamu waliorudi kutoka ng'ambo.

Hatua kubwa zaidi ilifuata mwaka 1987, pale Morris Chang, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya Marekani ya Texas Instruments kwa miaka 25 kabla ya kuitwa kuongoza ITRI, alipoanzisha kampuni ya TSMC kwa mtaji uliotoka hasa serikalini na katika kampuni ya Philips ya Uholanzi. Wakati huo kampuni nyingi zilibuni chipu na kuzitengeneza zenyewe, lakini TSMC iliamua kutengeneza chipu zilizobuniwa na wengine bila kuuza zake, hivyo wateja hawakuwa na sababu ya kuiona kama mshindani. Uamuzi huo uliwapa nafasi wabunifu wasioweza kumudu gharama za kiwanda, wakiwemo Nvidia ya Marekani na MediaTek, iliyoanzishwa Hsinchu kwenyewe mwaka 1997.

Kwa kuwa chipu moja hupitia mamia ya hatua kwa muda wa wiki nyingi, na mtambo mmoja ukisimama hasara huwa kubwa, wauzaji wa gesi, kemikali na vipuri walivutwa karibu na viwanda hivyo, huku wahandisi wakihama kutoka kampuni moja hadi nyingine pamoja na ujuzi wao.

Hata hivyo, msongamano huo una gharama zake. Tetemeko la ardhi la Septemba 1999 lilikata umeme na kusimamisha uzalishaji, na katika ukame wa mwaka 2021 baadhi ya wakulima wa Taiwan walisitishiwa maji ya umwagiliaji, huku viwanda, vinavyohitaji maji mengi ya kusafishia silikoni, vikiagiza maji kwa malori. Uhaba wa ardhi nao umechangia TSMC kujenga pia katika miji mingine ya Taiwan, Taichung na Tainan, na hofu ya mataifa kutegemea kisiwa hicho kimoja imeipeleka hadi Arizona, Marekani, na Kumamoto, Japani.

Historia ya Hsinchu inathibitisha kwamba majengo na nafuu za kodi pekee havifanyi mji kuwa kitovu cha teknolojia: vyuo na wataalamu vilitangulia, na dola ikasubiri matunda kwa zaidi ya muongo mmoja. Serikali inayotaka viwanda vya aina hii haina budi kuanza na madarasa na maabara.